Ziwa Lililosimama

Mwezi uliopita tulimwosha Bi Mwanaidi, mama wa marehemu mume wangu wa kwanza, ndani ya nyumba yake ile ile ya Ujiji, na mimi ndiye niliyepewa kumwagia maji upande wa kichwa. Wapo waliokunja nyuso, maana niliolewa tena zamani na sasa naishi Katubuka na mume mwingine na watoto wanne, lakini bibi mwenyewe alikuwa ameacha neno, na neno la maiti halina wa kulibishia. Siku tatu za matanga wanawake walikaa mikekani wakimsimulia: jinsi alivyokuwa hodari wa kukamua mawese, jinsi alivyomkimbiza mwizi wa kuku kwa mwiko wa ugali, jinsi alivyokataa katakata kula samaki aina ya mgebuka aliyekatwa kichwa. Nilicheka pamoja nao. Hakuna aliyesema kwamba mama yule, ambaye hakujua kusoma ila Kurani, aliwahi kukaa na mimi miezi mizima mbele ya kompyuta tukijenga mitambo isiyokuwepo duniani. Hawakusema kwa sababu hawakujua. Nimebaki peke yangu na jambo hilo, nami si mtu wa kukaa na jambo peke yangu, kwa hiyo naliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na ndoa yangu na Rajabu haijatimiza miaka miwili. Rajabu alikuwa fundi wa simu na kompyuta pale Mwanga, Kigoma mjini, kijana mrefu wa shati jekundu, asiyeweza kuona kitu kizima bila kutamani kukifungua. Aliitwa kijiji kimoja cha kusini akafunge umeme wa jua kwenye duka la mtu, akapanda boti la mbao pamoja na mizigo ya watu, na boti lile likapinduka kwenye mawimbi kabla ya kufika. Shabani, rafiki yake, aliokolewa akiwa amekumbatia dumu tupu. Alikuja nyumbani amevimba macho, akaapa mbele ya wazee kwamba alimwona Rajabu akizama mara moja, akaibuka, akazama tena, na hakumwona tena. Mtu mwingine aliyenusurika akasema hivyo hivyo. Walitafuta siku tisa. Watu wa kwetu husema Ziwa Tanganyika halina chini, na kwamba linachokipenda halikirudishi, basi sheikh akapima ushahidi wa wale wawili, akaamua, Rajabu akaswaliwa swala ya maiti asiyekuwepo, na mimi nikaambiwa eda yangu imeanza. Miezi minne na siku kumi. Bila manukato, bila hina, bila wanja, bila kuvuka kizingiti ila kwa dharura.

Chumba changu kilikuwa cha ndani kabisa, chenye sakafu ya saruji nyekundu na dirisha moja la nondo lililotazama ua wa nyuma, mahali ambapo Bi Mwanaidi alikuwa na mapipa yake ya mawese. Harufu ya mawese ilikuwa imeingia hata kwenye chandarua. Asubuhi chai ya rangi yenye tangawizi, mchana ugali wa muhogo na dagaa au migebuka, jioni tena hivyo hivyo. Nilikuwa natambua siku kwa kilichobadilika kwenye sahani, na mara nyingi hakikubadilika kitu. Kati ya chumba changu na sebule palikuwa na ukuta usiofika darini, kama nyumba nyingi za zamani, kwa hiyo kila taazia iliyotolewa sebuleni niliisikia. Nilijifunza mwaka ule kwamba mfiwa akiwa hayupo mbele yao watu huzungumza bei ya sukari. Sikuwachukia. Niliwaonea wivu tu, kwamba wao waliweza.

Kompyuta mpakato ya Rajabu ilikuwa juu ya sanduku la nguo, imefunikwa kanga. Siku kumi na kadhaa sikuigusa. Nilipoifungua nilikuwa natafuta picha zake, nikakuta lile gemu lake limekaa mbele kabisa. Naomba nilieleze, kwa sababu bila hilo hadithi haisimami. Halikuwa gemu la kupigana wala la mpira. Ulipewa ukurasa mtupu. Ukichora mraba, unakuwa ubao. Ukichora duara, linakuwa gurudumu au jiwe, hiari yako. Unaweza kufunga kamba, kutia mota, kumwaga maji. Vyote hukaa hewani ulimoviweka, vimetulia, mpaka ubonyeze kitufe chenye pembetatu. Hapo uzito unaingia. Ubao unaanguka, jiwe linabingirika, maji yanatafuta njia. Ukibonyeza tena, kila kitu kinasimama kilipofikia. Hakuna kushinda wala kushindwa, unajenga na kutazama. Rajabu aliweza kukaa nalo tangu alasiri mpaka chakula kinapoa, na mimi nilikuwa nikimwita "mtoto mwenye ndevu."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ziwa. Upande wa kulia alikuwa amechora vilima vya Kigoma kwa kijani, kwa mapenzi kabisa, hadi miembe miwili. Upande wa kushoto, ng'ambo, alikuwa bado hajachora kitu ila ukuta mwembamba wa kuzuia maji yasimwagike. Kulikuwa na ubao mkubwa wenye mota wa kutengeneza mawimbi, na katikati ya maji boti lenye watu watatu wa maduara na miraba, wawili wa kijivu na mmoja mwekundu. Boti limelala ubavu. Wimbi limeinuka juu yake, zima, na halidondoki. Yule mwekundu alikuwa ameshanyanyuka kutoka kwenye benchi, mkono mmoja nje ya boti. Niliikumbuka jioni ile barabara. Nilikuwa nimepika migebuka kwa mawese, nikamwita aje kula, akasema "nakuja," akalisimamisha ziwa na kuja. Asubuhi yake akasafiri.

Nikaufunga mfuniko. Kesho yake nikafungua tena. Kitu kinachotaka kuanguka kisianguke kinachosha roho kuliko kilichokwisha kuanguka, nami nilikaa mbele ya wimbi lile nikiwa na kidole juu ya kitufe na sikubonyeza. Nitasema ukweli niliokuwa nao, hata kama leo unanipa aibu: niliamini kwamba maadamu sijabonyeza, Rajabu hajafa. Maiti sikuiona. Kaburi halikuwepo. Kulikuwa na maneno ya watu wawili waliokuwa wakinywa maji ya ziwa wakati wanatazama, na kulikuwa na mkono ule mwekundu ambao ungeweza bado kushika ubao. Nikawa naligusa ziwa kwa macho tu. Kwa mikono nikafungua kurasa mpya, nikaanza kucheza nikilia, mawe kwanza, kisha magurudumu, kisha minyororo.

Bi Mwanaidi aliingia siku moja na sahani, akanikuta nimejenga ngazi inayoangusha mpira ndani ya kikombe, na mpira umekataa kuingia.

"Hilo dude linafanya nini?"

"Ni gemu, Mama. La Rajabu." Nikaogopa. "Kama eda hairuhusu, nafunga."

Akaweka sahani chini, akahesabu kwa vidole. "Udi, hapana. Hina, hapana. Wanja, dhahabu, kutoka nje, hapana. Hili sijalisikia likitajwa." Akakaa kitandani. "Na huo mpira hauingii kwa sababu umekiweka kikombe mbali kama mtu anayekimbia deni. Kisogeze."

Nilikisogeza. Ukaingia. Mama akatoa sauti ndogo puani, na nikajua kesho atarudi.

Akawa anakuja kila siku baada ya kuosha vyombo. Mimi nachora, yeye anaamuru. Jambo la kwanza alilotaka ni mtambo wa kukamua mawese, na ndipo nilipogundua kwamba mwanamke yule alikuwa anajua uzito kuliko mwanawe. Miaka thelathini ya kubana chikichi ilikuwa imekaa mikononi mwake. Alijua kabla hatujabonyeza kitufe kwamba mhimili utavunjika, kwamba jiwe lile dogo, kwamba gurudumu litachomoka. "Ongeza. Bado. Sasa punguza, mwanangu, unakamua au unaua?" Siku moja akalalamika kwamba mawe ya humo yanateleza kama sabuni, si mawe ya Mungu, nikatafuta kwenye maandishi ya Kiingereza mpaka nikakuta mahali pa kuongeza ukwaru, ule ukali wa kuzuia kuteleza, na yakakaa. Alifurahi kama amepewa shamba. Tulijenga jiko la mafiga matatu ambalo sufuria yake haikudondoka. Tulijenga mtambo wa magurudumu kumi na moja, kamba sita na ndoo ya maji, ambao kazi yake yote ilikuwa kumpiga kofi kuku wa duara. Nimeishi vizuri tangu hapo, namshukuru Mungu, lakini sijacheka tena kwa namna ile, mdomo umezibwa kwa kanga ili walioko sebuleni wasisikie wafiwa wanacheka. Nilimfundisha kutumia kipanya, nikamfundisha alama ya pembetatu, na kwamba gemu likiuliza swali wakati wa kulifunga abonyeze kile kitufe kikubwa, kazi isipotee.

Ziwa nilimwonyesha mara moja. Alilitazama muda mrefu.

"Ukibonyeza?"

"Litaendelea. Tutaona kama anashika ubao."

"Usibonyeze," akasema. "Kupiga ramli ni haramu, na hii ni ramli yenye umeme."

Kama mwezi wa pili hivi, Mzee Kassimu, baba mdogo wa Rajabu, alikuja kabla ya adhuhuri na hakuzungumzia sukari. Nilisikia kiti kikivutwa karibu.

"Shemeji, sitaki kukutia matumaini. Kuna mtu Katonga, muuza dagaa, katoka ng'ambo. Anasema kamwona kijana kule Kongo, kinyozi, mrefu, sura ya Rajabu hasa. Hazungumzi sana. Wanasema aliokotwa ufukweni."

Bi Mwanaidi akajibu kwa sauti kavu: "Rajabu hajui kunyoa hata kidevu chake."

"Mtu aliyepotewa na akili anaweza kujua lolote, shemeji."

"Basi nenda. Nenda ukamtazame. Ila usiniletee maneno, niletee mtu."

Sikuweza kula siku ile. Kama Rajabu yu hai, eda yangu ni ya nini? Mimi ni mjane au mke? Nilikuwa sijui hata nivae nini. Nikafungua kompyuta, nikalifungua ziwa. Boti lilikuwa limelala zaidi. Nikajiambia ni macho. Lakini mimi ni mtoto wa fundi cherehani na macho yangu huwa siyaachii kazi ya kupima. Nikachukua uzi mweusi, nikaunyoosha juu ya kioo kutoka pua ya boti mpaka ukingo, nikaupiga fundo. Nikafunga. Kesho yake, saa za mchana mweupe, kuku wanaparua nje, nikaupima tena. Fundo lilipita pua ya boti kwa upana wa punje ya mchele.

Siku ya tatu, punje mbili. Mkono mwekundu ulikuwa umefunguka. Siku ya nne wimbi lilikuwa na kilele kipya, kimekunjika. Ziwa lililosimamishwa na mtu aliyezama lilikuwa linasogea kwenye sanduku la nguo, chini ya kanga, wakati mimi sipo. Nilijua habari za majini wa ziwa tangu utoto na sikuwahi kuziogopa, kwa sababu ni za nje, na mimi ni mtu wa ndani. Hili lilikuwa chumbani kwangu. Nikawa naoga haraka haraka. Nikaanza kuzungumza na kompyuta iliyofungwa, kwa sauti ya chini, nikimuuliza, "Ni wewe? Unashika? Shika basi." Sikumwambia mama mkwe neno. Nilihofu ataizima, na nilihofu zaidi kwamba ataniambia sababu. Siku hizo tuliendelea kujenga mitambo alasiri, mimi nikiwa na ule uzi kifuani.

Mzee Kassimu alirudi baada ya wiki mbili. Hakukaa. Nilimsikia akisema kinyozi yule ni mtoto wa watu, ana mama yake pale pale, wamemwonyesha hata picha za ubatizo. Bi Mwanaidi akamwambia, "Ahsante shemeji, ukae unywe chai," na sauti ya kijiko haikubadilika.

Kesho yake nilikwenda kuoga kabla ya adhuhuri, nikasahau kanga ya kujifutia, nikarudi nimelowa. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la nguo, kipanya mkononi, uso karibu na kioo. Hakugeuka.

"Nilikuwa namsogeza kidogo kidogo," akasema. "Nikibonyeza, nasimamisha. Nikibonyeza, nasimamisha. Nione kama atashika. Tangu siku ile uliponionyesha."

Nilikuwa nimekunja ngumi, nadhani ningempiga mama wa mtu. "Wewe ulisema ni haramu."

"Nilisema." Akageuka, na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake ukiwa hivyo, umelegea kama wa mgonjwa. "Leo nimeliachia. Sasa simwoni. Mwanangu, simwoni, nitafutie."

Boti lilikuwa limegeuka tumbo juu. Wale wa kijivu walielea. Mwekundu hayupo, si majini, si vilimani. Nilikaa chini na maji yananichuruzika nguoni, nikaona ukuta wa ng'ambo umelowa juu yake, nikaelewa. Wimbi lilikuwa limemrusha kule. Na kule Rajabu alikuwa hajachora nchi. Nikazungusha gurudumu la kipanya ili tutazame kutoka mbali, na ziwa likawa dogo, sahani, kisha kisahani, kisha ukucha, na chini yake kweupe, kweupe, kweupe, na chini kabisa nukta nyekundu. Nikabonyeza pembetatu. Nukta ilikuwa inaanguka. Haikuwa na pa kufika. Ilikuwa ikianguka tangu mama alipoliachia, na ingeanguka mpaka umeme wa dunia uishe.

"Mawe!" Bi Mwanaidi akamwita mama yake kwa Kiha, lugha ambayo hakuitumia ila akiwa ameumia. "Simamisha! Simamisha!"

Nikasimamisha. Tukamtazama mtoto wake ananing'inia mahali pasipo kitu.

"Mwekee chini," akasema. "Mtu hawezi kukaa bila chini."

Nilichora ardhi chini yake, mstari mrefu, nikabonyeza. Akaupita mstari ule kana kwamba haupo. Mama akapiga yowe na sebuleni mtu akauliza kuna nini. Akajibu kwa sauti ya kawaida, "Panya," na machozi yanamtiririka. Nikachora mwingine, akaupita. Alikuwa na kasi mno, ardhi nyembamba haikumwona. Nikasema haiwezekani, Mama, na hapo ndipo yule mkamua mawese akafuta uso kwa kanga na kusogea karibu na kioo.

"Kinachokuja kwa nguvu hakipokewi kwa kigumu," akasema. "Kipunguze kwanza. Weka maji. Weka mengi, yawe marefu. Na chini ya maji udongo mnene, mnene kama nyumba."

Kazi ile ilituchukua mpaka alasiri. Nilichora kuta mbili pana, nikamwaga maji, yeye akisema bado, bado, ongeza. Nikaweka udongo wa chini mzito kuliko kitu chochote tulichowahi kujenga, na mama akataka ukwaru wake wote utiwe, asije akateleza. Lilikuwa ziwa, ziwa refu kuliko la Rajabu, nasi sote wawili tulijua tunajenga nini na hatukulitaja. Kisha akaniambia nimuachie yeye abonyeze. Mwekundu akaingia majini kama jiwe. Maji yalipasuka, yakajikunja. Akapungua. Akaendelea kushuka, polepole, mkono umeinuliwa, akipita maji tuliyoyamwaga, mpaka akagusa chini. Akadunda kidogo. Akatulia.

"Mlaze ubavu wa kulia," mama akasema. Nikamlaza. Akauliza kibla iko wapi humo ndani, nikasema hakuna. Akafikiri, akaelekeza upande wenye vilima vya kijani, akasema panatosha. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Hata kama ziwa lingemrudisha, wanaume wangembeba, na sisi tungebaki mlangoni tukisikiliza nyayo. Nikachora udongo vipande vidogo. Mama akatupa konzi tatu za udongo, kipanya kikimponyoka, nami nikatupa tatu, na tulipomaliza hakuna chekundu kilichoonekana. Tukakaa sakafuni, bega kwa bega, tukamlilia Rajabu kwa sauti mpaka watu wa sebuleni wakaja, wakatukuta mbele ya kioo chenye maji ya buluu yaliyotulia, na hawakuelewa kwa nini leo.

Habari za ng'ambo hazikuisha. Kwa miaka walikuja watu, huyu kamwona Kalemie, yule kamwona sokoni Uvira, na wengine walikuja kwa nia njema kabisa. Bi Mwanaidi aliwakaribisha, akawamiminia chai, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliwaambia, "Ahsanteni, lakini mwanangu nimemzika kwa mkono wangu." Wageni walitazamana, wakamwonea huruma, wakidhani ziwa limemchukua na akili. Na mimi, niliyekuwa nimekaa kando yake, nilisema, "Ni kweli. Nilikuwepo."